Una kisukari na umepata homa? Usiache sindano yako



Tuseme ni Alhamisi, katika zoni ya Rubondo. Mama mmoja mwenye kisukari, anayejichoma insulini asubuhi na jioni, ameamka na mafua makali. Mwili unauma, kichwa kinagonga, chakula hakipiti kooni. Ugali wa mchana umebaki kwenye sahani. Jioni jirani anakuja kumpa pole, anamwambia: "Dada, leo usijichome. Hujala kitu, sukari itashuka utaanguka."

Maneno hayo yanaingia akilini, na aliyeyasema anampenda. Mama anaiacha sindano. Ijumaa asubuhi anaanza kutapika, anaona hata dozi ya asubuhi haina maana. Ijumaa usiku anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na maneno yake hayaeleweki. Watoto wanadhani malaria imempanda kichwani.

Mfano huu tumeutunga. Lakini kosa lililo ndani yake hutokea kweli, na huua watu ambao wangeweza kupona mafua yao wakarudi shambani. Ndiyo maana tunaandika makala hii. Ukiisahau yote, kumbuka jambo hili moja: unapougua, sukari yako inaweza kupanda hata kama hujala kitu chochote.

Kwa nini sukari inapanda wakati sijala?

Chakula ni mlango mmoja tu wa sukari. Mlango wa pili uko ndani ya mwili wako. Ini lako lina akiba ya sukari. Virusi vikiingia, viwe vya mafua, vya Korona, vya surua au vya kuharisha, mwili hujiandaa kwa vita. Hutoa homoni za kupambana, na homoni hizo huliamuru ini lifungue ghala lake na kumwaga sukari katika damu. Wakati huohuo homoni hizo huizuia insulini isifanye kazi vizuri.

Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini na mambo hutulia. Kwako wewe mwenye kisukari, kongosho halitoi insulini ya kutosha, au halitoi kabisa. Sukari inajaa katika damu lakini seli zinabaki na njaa. Figo zinajaribu kuitoa sukari hiyo kwa njia ya mkojo, na inapotoka huondoka na maji mengi. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa mara kwa mara, kiu haikatiki, na mdomo unakauka.

Seli zikikosa insulini, mwili huanza kuchoma mafuta badala ya sukari. Moshi wa moto huo ni asidi ziitwazo ketoni. Ketoni zikiwa nyingi damu inakuwa chachu. Mgonjwa anatapika, tumbo linauma, anapumua haraka na kwa kina, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Asipopata insulini na maji ya mshipani hospitalini, anaweza kuzimia na kufa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, hasa mtoto, hali hii inaweza kufika ndani ya siku moja.

Jirani wa mama yule hakuwa amekosea kila kitu. Ni kweli kwamba ukijichoma dozi yako yote na usile, sukari inaweza kushuka. Lakini dawa ya tatizo hilo ni kupima, kunywa kitu chenye nguvu, na kumuuliza mhudumu wa afya dozi iwe kiasi gani. Siku ya ugonjwa dozi inaweza kupunguzwa, na mara nyingine huongezwa. Kuiacha kabisa kwa uamuzi wako mwenyewe, hapana.

Tulichojifunza wakati wa Korona

Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa Korona tarehe 21 Machi 2020. Siku chache baadaye magari ya abiria yalisimamishwa, kisha hata magari binafsi. Mgonjwa aliyetaka kwenda hospitali kwa gari alihitaji kibali. Boda boda hazikuruhusiwa kubeba abiria hadi mwishoni mwa Julai mwaka huo. Kuanzia tarehe 10 Juni 2021, safari za kutoka wilaya moja kwenda nyingine zilisimamishwa tena. Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, na hospitali ya rufaa iko Mbarara. Hebu fikiria maana ya amri hiyo kwa mtu aliyebakiwa na chupa moja ya insulini.

Chakula nacho kilipungua. Aprili 2020 mgao wa WFP kwa wakimbizi wa Uganda ulishushwa hadi asilimia 70, na Februari 2021 ukafika asilimia 60. Mwenye kisukari ambaye chakula chake kimepungua hawezi kuendelea na dozi ileile bila kupima.

Na ugonjwa wenyewe uliwachagua wenye kisukari. Huko Uingereza, kati ya watu waliokufa hospitalini kwa Korona kuanzia Machi hadi Mei 2020, karibu theluthi moja walikuwa na kisukari. Virusi haviwapendi zaidi wenye kisukari. Tatizo ni kwamba sukari ikiwa juu, askari wa mwili hupigana kwa uvivu, na maambukizi nayo huipandisha sukari zaidi.

Kuna jambo jingine lililojulikana mwaka huo. Dawa iitwayo deksamethasoni iliokoa wagonjwa mahututi wa Korona waliohitaji oksijeni, lakini dawa hiyo hupandisha sukari sana. Kwa hiyo ukilazwa popote kwa ugonjwa wowote, sema mapema: "Mimi nina kisukari." Usingoje kuulizwa.

Siku ya ugonjwa: fanya hivi

1. Usiache insulini. Kama unatumia insulini, endelea, na siku hiyohiyo wasiliana na kituo cha afya uambiwe kiasi. Kama sukari imeshuka chini ya 4, tibu kwanza hiyo sukari ya chini kama tunavyoeleza hapa chini, kisha upate ushauri kabla ya kujichoma.

2. Pima mara nyingi. Kama una mashine, pima kila baada ya saa 4, hata usiku, na uandike namba na saa kwenye daftari. Mashine nyingi hapa Uganda husoma kwa kipimo ambacho 4 ni ya chini na 14 ni ya juu. Kama mashine yako inasoma kwa miligramu, namba hizo ni 70 na 250. Ikiandika "HI", sukari imepita uwezo wa mashine kuisoma. Hiyo si salamu. Nenda kituoni sasa.

3. Kunywa. Meza maji kidogo kidogo, glasi moja kila saa ukiweza. Kama unatapika, chukua vijiko viwili au vitatu kila dakika chache. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo amuulize mhudumu kiasi chake.

4. Kula kidogo, mara nyingi. Kama ugali haupiti, kunywa uji mwepesi, maziwa, supu ya maharage au ndizi iliyopondwa. Kikombe kidogo kila baada ya saa moja au mbili kinatosha kukupa nguvu.

5. Pumzika, na usibaki peke yako. Mtu mmoja nyumbani ajue kwamba una kisukari, ajue dalili za hatari, na aje kukuangalia usiku. Mwenye sukari iliyopanda au kushuka sana hawezi kujiamulia.

Vipi kuhusu vidonge?

Wengi wetu tuna kisukari cha aina ya pili na tunameza vidonge. Hapa kuna tofauti unayopaswa kuijua.

Metifomini: kama una mafua tu na unakula na kunywa, endelea nayo. Kama unatapika au unaharisha sana na mwili umekauka maji, dawa hii inaweza kujikusanya mwilini na kuleta madhara. Nenda kituoni. Mara nyingi utaambiwa uipumzishe hadi utakapokuwa unakula na kunywa vizuri tena, siku moja au mbili.

Glibenklamidi na glimepiridi: dawa hizi huisukuma kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala. Ukizimeza huku huli, sukari inaweza kushuka hadi uzimie, na inaweza kushuka tena baada ya kuzinduka. Kama huwezi kula, pata ushauri siku hiyohiyo kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Kama hujui unameza ipi, chukua pakiti yako uende nayo. Usiseme tu "kile kidonge cheupe", maana vidonge vyeupe ni vingi.

ORS ina sukari. Je, ninywe?

Swali hili huulizwa sana, na hofu yake imewaumiza watu. Mtu anaharisha, anapewa pakiti ya ORS, anaiweka pembeni kwa sababu amesikia kwamba mwenye kisukari haruhusiwi kugusa sukari.

Jibu ni: kunywa. Lita moja ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi, kiasi kama vijiko vitatu vya chai, na glukosi hiyo imewekwa kwa kazi maalumu. Ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Linganisha na soda ya mililita 300, ambayo huwa na gramu 30 za sukari na zaidi. Kukauka maji kutakudhuru haraka kuliko glukosi hiyo kidogo. Kunywa ORS, na uendelee kupima.

Soda nayo ina siku yake. Kama unatetemeka, unatoka jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, una njaa ya ghafla au umechanganyikiwa, huenda sukari imeshuka. Hapo kunywa nusu ya chupa ya soda, au maji yenye vijiko vitatu hadi vinne vya sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu. Mtu aliyezimia msimnyweshe chochote, maana kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, mkimbizeni kituoni.

Je, ni malaria?

Hapa kwetu kila homa huitwa malaria hadi ithibitishwe vinginevyo. Ni sawa kupima malaria, na upime kweli, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Lakini mwenye kisukari apimwe vitu viwili kwa wakati mmoja: malaria na sukari. Malaria kali yaweza kuishusha sukari, na kwinini pia huishusha. Mafua huipandisha. Kwa macho tu huwezi kujua ni ipi.

Wazazi, sikilizeni hili. Mtoto anayekunywa maji sana, anayekojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, anayekonda, kisha akapata homa na kuanza kupumua kwa nguvu na kutapika, huenda ana kisukari ambacho hakijajulikana. Hali hii huchanganywa na malaria au nimonia, na wengine hudhani mtoto amerogwa. Mwambie mhudumu: "Naomba mpime na sukari." Ni tone moja la damu na dakika moja.

Kama huna mashine

Tunajua kwamba wengi hawana mashine, na wenye mashine hukosa stripu. Basi fanya hivi. Siku ya kwanza ya homa nenda kituo cha afya upimwe, na urudi kesho yake kama hujapata nafuu. VHT wa kijiji chako akusaidie kupeleka habari kama huwezi kutembea. Nyumbani, angalia mkojo na kiu. Mkojo mwingi na kiu kisichokatika ni ishara kwamba sukari iko juu.

Mkiazimana mashine na jirani, kila mtu awe na sindano yake mpya ya kutobolea kidole. Sindano moja kwa watu wawili inaweza kupitisha homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI.

Insulini katika nyumba ya joto

Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isiganda kamwe. Lakini friji iko wapi katika nyumba ya turubai? Habari njema ilitoka kwenye kambi kama yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, ambako huzunguka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaipitisha insulini katika joto hilohilo kwenye maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne.

Kwa hiyo chupa unayoitumia unaweza kuwa nayo nyumbani kwa wiki nne. Iweke mahali penye kivuli, mbali na jiko na bati. Chungu husaidia: weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie mchanga maji kila siku, kisha funika kwa kitambaa kilicholowa. Insulini ikae ndani ya mfuko au kopo lisiloingia maji. Andika juu ya chupa tarehe uliyoifungua. Insulini ya maji meupe ikionekana na ukungu, au ile ya maziwa ikiwa na mabonge hata baada ya kuizungusha taratibu viganjani, usiitumie.

Macho yenye ukungu, na safari ya Ruharo

Wengi wetu tunaifahamu Ruharo, pale Mbarara, kwa sababu ya macho. Hospitali ya misheni ya Ruharo ina kituo cha macho kinachojulikana katika eneo lote la magharibi mwa Uganda. Kuna mambo mawili mwenye kisukari ayajue kabla ya kufunga safari hiyo.

Kwanza, sukari ikipanda sana wakati wa homa, macho yanaweza kuona ukungu kwa sababu lenzi ya jicho hubadilika umbo kwa kuvuta maji. Usikimbilie kununua miwani wakati huo. Sukari ikitulia kwa wiki chache, uoni hurudi, na miwani uliyonunua haitakufaa. Lakini ukiona giza la ghafla, vitu vyeusi vinavyoelea kwa wingi, au pazia kwenye jicho, usisubiri hata siku moja.

Pili, na hili ni la hatari zaidi nyumbani: mtu anayeona ukungu hawezi kusoma mistari ya bomba la sindano. Anaweza kuvuta 30 akidhani ni 20. Siku ya ugonjwa, mtu mwenye macho mazuri akusomee kipimo kabla ya kujichoma, hata kama umejichoma mwenyewe kwa miaka kumi.

Ukishapona, omba rufaa ya kupimwa macho. Mwenye kisukari apimwe ndani ya jicho mara moja kila mwaka, hata kama anaona vizuri, kwa sababu kisukari huharibu mishipa ya nyuma ya jicho kimyakimya. Utawekewa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu wa kukushika mkono.

Usilale na dalili hizi

Nenda kituo cha afya mara moja, mchana au usiku, na kituo kitaamua kama upelekwe hospitali ya rufaa Mbarara:

- Sukari imepita 14 mara mbili mfululizo, au mashine inaandika "HI".
- Sukari iko chini ya 4 na haipandi baada ya kunywa sukari mara mbili.
- Unatapika na hakuna kinachokaa tumboni kwa saa 4 au zaidi.
- Unapumua haraka na kwa kina, au pumzi inanuka matunda.
- Tumbo linauma sana, kifua kinabana, au unakosa hewa.
- Umechanganyikiwa, una usingizi usio wa kawaida, au watu wanaona huongei sawasawa.
- Una mimba na una kisukari na umepata homa yoyote.

Andaa leo, ukiwa mzima

Ukishaugua ni kuchelewa. Weka mfuko mmoja nyumbani, na kila mtu ajue ulipo: daftari lako la kliniki na orodha ya dawa, mashine na stripu kama unazo, mabomba ya sindano, pakiti za ORS, sukari kidogo katika kopo, na nauli au namba ya dereva wa boda anayekubali kutoka usiku. Usingoje chupa ya mwisho iishe ndipo uende kliniki. Uliza mapema kama kituo chako kina insulini wiki hiyo, na kama hakina, uliza ni wapi utaipata. Uliza pia kuhusu chanjo zinazopatikana kwa wenye kisukari. Na maji na sabuni ya kunawa mikono visikose mlangoni.

Kisha mwite yule jirani yako anayekupenda, mkiwa wazima wote wawili, mkae mkekani umsomee makala hii. Mwonyeshe mfuko ulipo. Ili siku utakapolala na homa, akija kukupa pole, akuulize: "Dada, umepima? Umejichoma?"